Uzi: Tabora hadi Kigoma kwa treni, mimi na mume wangu. Chumba, ziwa, Ujiji na mipango yake

#1 · Mleta uzi

Mwangaluka wanajukwaa, na walioko mwambao wa ziwa asalaam aleikum.

Kila nikipita humu nakuta nyuzi za mapumziko ya Zanzibar, Bagamoyo na Arusha. Sisi wa Tabora tunasoma, tunasifia, tunazima data. Leo naleta uzi wa kwetu, kwa ajili ya wanandoa wa kipato cha kawaida ambao wakisikia habari za kwenda kupumzika wanaona lazima kwanza wafike Dar. Jamani, Ziwa Tanganyika liko mwendo wa usiku mmoja kutoka stesheni yetu.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Isevya. Mume wangu ni fundi umeme. Nyumbani tuna watoto, tuna mama mkwe, tuna shemeji yangu anayesoma hapa mjini. Nyumba ikishakuwa hivyo, mke na mume mnaweza kumaliza mwezi mzima mazungumzo yenu ni ada, luku na mkaa. Hamjagombana, hakuna ubaya wowote, ila hamjakaa. Ndiyo maana kabla sijagusa habari za ziwa natanguliza hili: kwa watu wa aina yetu, treni yenyewe ni nusu ya mapumziko. Kwenye basi mnatazama visogo vya watu na muziki uko juu. Kwenye behewa la kulala mnafunga mlango, mnakaa mnatazamana, na hakuna wa kubisha hodi kuazima chumvi.

Sasa chumba, maana hapa ndipo wengi watakwama.

Daraja la pili kulala, chumba kina vitanda sita, vitatu huku na vitatu kule. Utaratibu ni wanaume chumba chao, wanawake chao. Mkienda dirishani mkakata tiketi mbili za daraja la pili bila kuuliza, mtapanda treni moja na kulala vyumba tofauti, hata muwe na cheti cha ndoa mkononi. Chumba cha wanandoa kiko daraja la kwanza: vitanda viwili, kimoja juu kimoja chini. Lakini behewa hilo halifungwi kwenye kila treni, na likifungwa vyumba ni vichache na wanaopandia Dar wanakuwa wameshajichukulia. Kwa hiyo mtu wa Tabora asitume mtu. Aende mwenyewe stesheni mapema, aulize ni treni ya siku gani ina daraja la kwanza, na safari aipange kufuata jibu hilo. Sisi tulikuwa tayari kusogeza tarehe, na ndivyo tulivyopata.

Likikosekana kabisa, mnaweza kununua chumba kizima cha vitanda sita. Kwa wawili ni pesa nyingi, sidanganyi mtu. Ila mkijikusanya jozi tatu, marafiki au ndugu na wake zao, chumba kinajaa, mnafunga mlango, na kila mtu kalipa nauli yake tu. Hamtakuwa wawili peke yenu, lakini mtakuwa pamoja. Nimeona ndugu zangu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, wakienda harusini Kigoma kwa mtindo huo na walifurahi kupita kiasi.

Treni inayotoka Dar ikiingia Tabora hukatwa. Mabehewa ya Mwanza yanashika njia yake, ya Kigoma yake, na ya Mpanda nayo huchepukia Kaliua. Pale ndani ukisikia mshtuko na vyuma kugongana usiogope, ni kichwa kinabadilisha mabehewa. Mume wangu kwa ufundi wake alitaka kuona kila kitu, alisimama dirishani mpaka bendera ya kijani ikapepea.

Nilibeba kuku wa kienyeji wa kukaanga, matobolwa (viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa), karanga na chai ndani ya chupa. Behewa la chakula lipo, wali na ugali wanapika, lakini chakula cha nyumbani mkiwa wawili kina raha yake. Bebeni pia shuka la ziada, maana usiku pale kati kuna baridi, tochi, na pawabanki, kwa sababu mtandao unapotea kwa masaa kati ya stesheni na stesheni. Huo mtandao kupotea kwangu ilikuwa neema. Simu ya mume wangu, ambayo mteja anaweza kuipiga saa tano usiku kuulizia swichi, ilikaa kimya kuanzia tulipoiacha Urambo.

Naendelea baadaye, nina nguo za mtu za kumalizia.

#2 · Kijana wa Ipuli

Dada hongera kwa uzi, ila mimi bado. Barabara siku hizi nzuri, daraja la Kikwete pale Malagarasi lipo, basi unapanda asubuhi unafika Kigoma siku hiyo hiyo. Likizo yenyewe ni ya kubana, kwa nini niile kwenye reli?

#3 · Mleta uzi

Mdogo wangu, ukienda kikazi panda basi, nitakusindikiza mwenyewe. Swali langu ni hili: ukifika Kigoma saa kumi jioni umechoka, kiuno kinauma, mke wako kachoka, jioni hiyo mtafanya nini? Mtaoga mlale. Siku imeshaliwa hivyo hivyo. Treni ya usiku inakula usiku, ambao hata hivyo ungeulala, na asubuhi mnashuka mna siku nzima mbele yenu.

Halafu kuna hili la maongezi. Mimi na mume wangu tuliongea usiku ule mambo ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. Namna alivyojifunza umeme kwa kumbebea mjomba wake ngazi. Namna alivyotaka kuacha kazi mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alipolazwa, akanificha. Mambo kama hayo hayatoki sebuleni na mama mkwe yuko pale. Yanataka giza, mwendo, na mtu asiye na pa kwenda.

#4 · Mzee wa Mataruma

Nimeufurahia uzi huu. Nimefanya kazi relini mpaka kustaafu, niongeze mawili matatu.

Watu wanalalamika treni inasimama porini bila sababu. Sababu ipo. Njia ni moja, hivyo treni mbili zinazokuja uso kwa uso lazima zipishane stesheni. Moja inaingia njia ya pembeni, inangoja, nyingine inapita. Treni ya mizigo ikichelewa kufika pale pa kupishania, nanyi mtangoja. Mwambieni kila anayesafiri ajue hivyo kabla hajapanda, na asiweke miadi ya lazima asubuhi ya kufika.

Historia kwa kifupi kwa vijana. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar mwaka 1905. Tabora walifika 1912, Kigoma Februari 1914, jumla ni zaidi ya kilomita 1,250. Tawi la Mwanza ni kazi ya Waingereza, lilimalizika 1928. Miezi michache tu baada ya reli kufika ziwani, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza.

Na hili wengi hawalijui: meli ya Liemba ilipita juu ya reli hii. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa makreti, ikaja baharini hadi Dar, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa hadi Kigoma. Ikaunganishwa pale ufukweni na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nyingi isiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ukifika Kigoma ukatazama reli inavyoishia bandarini, ufikirie mafundi walioshusha vyuma vile kutoka kwenye behewa.

Reli hii ni ya upana wa mita moja. Mpya inayojengwa ni ya milimita 1,435, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022. Ikikamilika hamtalala tena njiani. Kwa hiyo anayetaka kuonja safari ya zamani na mke wake asingoje sana.

#5 · Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo, na ahsante. Hilo la Liemba nilisimulia nyumbani jana, shemeji yangu akaenda kulitafuta kwenye vitabu vyake.

Niendelee na njia. Urambo tulifika watu bado wako macho. Urambo ni kwa Mirambo, mtemi aliyefanya misafara yote iliyopita ukanda huu imuulize yeye kwanza, mpaka alipofariki 1884. Siku hizi ni tumbaku na asali. Asali inaletwa mpaka dirishani, imejazwa kwenye chupa za maji. Mama mmoja alikuwa na chupa kichwani kwenye beseni, na moja mkononi ameielekeza kwenye taa ya behewa ili mnunuzi aone haina povu. Mume wangu akaipindua chupa, tukaangalia kiputo kimoja kikubwa cha hewa kinavyopanda polepole mpaka juu. Ndivyo baba yangu alivyonifundisha kupima: kikipanda haraka, asali imeongezwa maji. Tukanunua mbili.

Dirisha mlifunge mkilala, hasa linalofunguka upande wa stesheni. Mikono inaingia. Kipande cha mbao cha kukaza dirisha lisisukumwe kutoka nje kinasaidia sana, waulizeni wahudumu wa behewa.

Baada ya Kaliua nililala. Nguruka nilisikia sauti za wauza samaki wa Malagarasi usingizini. Nikaamka Uvinza, na hapo ndipo ningemuamsha kila mtu. Uvinza ni mji wa chumvi. Maji ya chumvi yanatoka kwenye chemchemi za ardhini, na wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Hawa mababu zetu Wanyamwezi waliokuwa wapagazi, chumvi hii waliibeba mabegani. Mimi chumvi ya Uvinza nimeipikia maisha yangu yote na ndiyo kwanza napaona inakotoka.

Kuanzia hapo kunaanza kupambazuka. Kazuramimba, Kandaga, nchi inageuka. Miombo ya kwetu inapungua, vilima vinaongezeka, michikichi inaanza kuonekana. Treni inateremka, inajikunja. Ukipita Luiche jiweke dirishani usitoke, ziwa litajitokeza ghafla kati ya vilima. Mume wangu alikuwa hajawahi kuona maji ya ukubwa ule. Alinishika bega akasema, "Mama, upande wa pili uko wapi?" Upande wa pili ni Congo. Siku ikiwa safi milima yake inaonekana, ila kiangazi moshi na ukungu huificha.

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Mjerumani lenye matao, liko chini kabisa karibu na bandari. Kutoka pale barabara inapanda mlima kwenda Mwanga, na mbele zaidi ni Ujiji. Bajaji na daladala zipo mlangoni.

#6 · Binti Ujiji

Karibuni sana Kigoma, mmefanya vizuri kuutangaza mji wetu. Naomba niwasaidie wanaopanga, maana wageni wengi wanakosea jambo moja: hawaangalii mwezi.

Dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta, wavu unawapandisha. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi wengi wanapumzika siku hizo. Ukija mwezi mpevu ziwa utaliona lakini taa hutaziona, na dagaa wabichi watakuwa adimu na bei juu. Njooni siku za giza. Jioni kaeni Katonga au Kibirizi, boti zinatoka kabla ya giza, na usiku mtaona ziwa zima limejaa taa. Mwangalie pia msimu: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hivyo ulizeni kwanza kabla hamjaja.

Na wale wa swala, magharibi huku inachelewa. Nchi nzima saa zetu ni zile zile, lakini Kigoma iko mbali magharibi. Tabora mnatutangulia kama dakika 13, na Dar karibu dakika 40.

#7 · Mleta uzi

Dada yangu umesema kweli tupu. Sisi tulikwenda siku za giza kwa sababu mwenyeji alituambia hivyo hivyo. Jioni ya kwanza tulikaa Kibirizi mpaka usiku. Taa zilianza moja moja, baadaye tukashindwa kuzihesabu, na mume wangu mtu wa umeme akakaa na kijana mmoja wa boti wakizungumza betri na balbu mpaka nikahisi wivu kidogo. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wamehamia taa za betri. Kijana akamwonyesha namna wanavyozuia maji yasiingie kwenye waya, mume wangu akamwelekeza namna bora ya kufunga maungio. Nilimwona anacheka kicheko chake cha ujana.

Asubuhi yake tukarudi kuona dagaa wakianikwa. Nisikilizeni wanawake wenzangu mnaonunua kwa mafungu sokoni Tabora: dagaa wa kwenye chanja na dagaa wa kwenye mchanga si kitu kimoja. Wa chanja wamenyooka, wanang'aa, ukiwavunja hawana kishindo cha mchanga kwenye meno. Nilishika wa aina zote mbili, kiganja hiki na kiganja hiki. Wa mchanga waliniachia vumbi kiganjani, wa chanja waliniachia magamba madogo ya fedha. Wanauzwa bei tofauti na tofauti hiyo ni halali.

Chakula tulikula migebuka, samaki wa ziwa hili, kila siku. Ya kuchoma, ya kukaanga, ya moshi iliyoungwa kwa mawese. Ugali wa muhogo na sombe (kisamvu) ya mawese nao msiukose. Wengine wanasema mawese ni mazito tumboni, mimi nasema hawajala ya Kigoma yaliyokamuliwa juzi.

Kuogelea tulikwenda Jakobsen Beach, kupita Katonga. Kuna kiingilio, lakini maji ni ya kuona mpaka vidole vya miguu, na samaki wadogo wa rangi, wale wanaofugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya, wanapita karibu na magoti. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470, kwa hiyo msijitose popote. Waulizeni wenyeji wapi pa kuogelea na kama kuna mamba. Mimi sijui kuogelea. Mume wangu alinishika mikono yote miwili tukaingia mpaka kifuani. Sitaandika zaidi ya hapo, wakubwa wameelewa.

#8 · Mtoto wa Urambo

Mleta uzi, na Gombe je? Nasikia ukifika Kigoma usipoona sokwe hujafika.

#9 · Mleta uzi

Hilo tulilijadili sana njiani, na jibu letu lilikuwa hapana, kwa safari fupi. Gombe ni hifadhi ndogo, lakini ina heshima ya dunia nzima tangu Jane Goodall alipoanza utafiti wa sokwe pale 1960. Haifai kuikimbilia. Haina barabara, ni boti tu kutoka Kibirizi. Boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini zinaondoka mchana na kurudi alfajiri, kwa hiyo kwa boti za kawaida huwezi kwenda na kurudi siku moja, lazima ulale huko. Boti ya kukodi ni gharama nyingine. Ongeza kiingilio na mwongozaji. Kwa wanandoa wenye siku chache, Gombe itawala siku zote na pesa zote, na mji hamtauona.

#10 · Binti Ujiji

Naunga mkono. Gombe ije kwa safari yake. Ila Ujiji wasiiruke!

#11 · Mleta uzi

Ujiji hatukuiruka, na nina la kusema, hasa kwa watu wa Tabora.

Pale kwenye makumbusho ya Livingstone kuna mnara na miembe iliyotokana na mwembe wa zamani ambao inasemekana Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871. Mwongozaji anaeleza vizuri. Lakini mimi nilichokuwa nafikiria ni kwamba Stanley alitokea kwetu. Alikaa Kwihara, hapo nje kidogo ya mji wetu, akaondoka Septemba 1871, akazunguka kusini kukwepa vita vya Mirambo, akafika Ujiji Novemba. Kama miezi miwili kwa miguu. Februari 1872 wakarudi wote wawili Kwihara. Sasa jiulizeni nani alibeba mizigo hiyo kwenda na kurudi. Wapagazi, na wengi wao ni watu wetu.

Na njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, kutoka ng'ambo ya ziwa, Ujiji, Tabora, hadi Bagamoyo. Miembe iliyojaa Tabora na Ujiji inafuata njia ya misafara hiyo. Sisi njia ile tumeipita usiku mmoja, tumelala juu ya godoro. Tulikaa pale chini ya miembe muda mrefu kuliko tulivyopanga, na mume wangu, ambaye si msemaji, akasema watoto wetu lazima waletwe wapaone. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Wazazi wa Tabora, pelekeni watoto Kwihara kwanza, iko karibu, kisha Ujiji.

Ziwa limesogea mbali na pale. Miaka ya 1870 maji yalikuwa juu zaidi, yakashuka baada ya mto Lukuga kuzibuka upande wa Congo. Kwa hiyo msishangae mkiambiwa hapa palikuwa karibu na ufukwe.

Kurudi sasa. Daraja la kwanza halikuwepo. Tukapanda la pili, mume wangu chumba cha wanaume, mimi chumba cha akina mama. Tulikuwa tunalijua, hivyo tulikaa wote behewa la chakula mpaka wahudumu walipoanza kukunja vitambaa vya meza, ndipo tukaagana mlangoni kwa chumba changu tukashikwa na kicheko.

Na chumba kile cha akina mama sitakisahau. Wafanyabiashara wa vitenge na mawese, mmoja anakwenda Dodoma, mmoja Mwanza, mmoja bibi wa Kimanyema anayekwenda kumwona mjukuu Kaliua. Bibi alikuwa na dumu la mawese amelifunga mfuniko kwa nailoni mara nyingi na kuliweka ndani ya beseni, ili likitikisika lisiharibu vitu vya mtu. Aliniuliza kilichonipeleka Kigoma. Nikamwambia nilikwenda kupumzika na mume wangu. Akanitazama, akawaambia wenzake, "Mmesikia? Kumbe inawezekana." Tukaongea habari za waume mpaka Uvinza. Wale wanaoogopa daraja la pili kwa sababu ya kutenganishwa, naomba waondoe hofu.

Mkinunua dagaa, waombeni wauzaji wafunge kwenye mfuko wa sandarusi ndani ya mwingine. Harufu ni jambo la kuheshimiana chumbani.

#12 · Kijana wa Ipuli

Dada nimesoma mpaka mwisho, nimebadilika. Nataka kumpeleka mke wangu, tuna mtoto wa miaka miwili tutamwacha kwa bibi yake. Ila nataka nimshtukize, siku hiyo namwambia tu vaa twende stesheni. Unaonaje?

#13 · Mleta uzi

Usifanye hivyo, nakuomba kama dada yako. Mwanamke mwenye mtoto mdogo ukimshtukiza, umempa kazi. Kichwa chake safari nzima kitakuwa kwa mtoto: uji amewaachia? Nguo za kulalia ameziweka wapi? Bibi ana namba ya zahanati? Mtafika ziwani yeye bado yuko jikoni kwake Ipuli.

Mwambie mapema. Mwache achague siku pamoja nawe, ampeleke mtoto kwa bibi alale usiku mmoja wa majaribio, ajisukie nywele, aje achague kitambaa kama anataka gauni jipya, na nitamshonea kwa bei ya shemeji. Wewe kazi yako iwe moja: nenda stesheni mwenyewe, uulize daraja la kwanza, tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi kwa pamoja. Angalia na mwezi kama alivyosema Binti Ujiji. Halafu wateja wako waambie hutakuwepo, wote, kwa jina na kwa simu, ili usije ukaanza kutafuta mtandao Nguruka.

#14 · Kijana wa Ipuli

Nimekuelewa dada. Leo jioni namwambia. Kesho asubuhi niko dirishani.

#15 · Mzee wa Mataruma

Fika mapema kijana, na uwe na kitambulisho chako na cha mke wako. Ukiulizwa majina ya wasafiri, yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho.